Watu Tisa Ng'ambo ya Mto

Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliamini kwamba nimeua watu wawili kwa penseli, na kwamba wa tatu yuko njiani. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa bibi yangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Leo nimepita thelathini, nina kazi ya ofisini, na nikisikia mtu mzima anaahirisha safari kwa sababu paka mweusi kamkatia njia, nabeua mdomo. Dharau hiyo niliipata mapema, na nimeitunza vizuri kuliko vitu vyangu vingi.

Tulikaa Bur Dubai, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya vitambaa. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na Bibi mzaa baba. Bibi alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bibi harusi, na miaka yote aliizungumzia Unguja kama mtu aliyetoka jana na kuacha chungu jikoni. Baba alikuwa karani wa mizigo Jebel Ali. Aliondoka alfajiri, akarudi amechoka, na katika kisa hiki hana kazi ila kula na kulala.

Mama yangu, Lyuda, ni Mrusi. Alikuja Dubai kuuza makoti ya manyoya kwenye duka moja la Deira. Naam, makoti ya manyoya, katika mji ambao wakati wa joto hata bomba la maji baridi linakuunguza mkono. Baba aliingia dukani mle kufaidi kiyoyozi, akatoka na mchumba. Bibi alimwangalia yule mkwe mweupe kutoka juu hadi chini, akasema bora anajua kunyamaza, kisha akamfundisha Kiswahili na wali wa nazi. Mama akasilimu, akajifunza vyote viwili, na alipopata kazi ya mapokezi katika kliniki ya Oud Metha alikuwa anamkaripia dereva wa teksi kwa Kiunguja safi.

Kwa watu alisema anatoka Moscow. Ulikuwa uongo. Alizaliwa katika wilaya ya mbali huko kaskazini, ambako kutoka Moscow unapanda treni usiku kucha, kisha basi siku nzima, kisha lori la magogo, kama dereva hajalewa. Hata Warusi waliokuja kliniki hawakuwa wameisikia. Mama alipoitaja, na ilikuwa nadra, alikunja pua kana kwamba amefungua jokofu lililozimika wiki nzima. Nami nilijifunza kukunja pua vilevile, ingawa sikuwahi kufika.

Basi madam wa jiografia akatupa kazi. Kila mwanafunzi achague wilaya anayotoka mmoja wa wazazi wake, aandike ardhi yake, mito yake, hali ya hewa na watu wake, kisha asimame mbele ya darasa. Ningechagua Unguja ningeishi kwa amani. Lakini wajukuu wa Unguja darasani tulikuwa watatu, na mimi nilitaka kujifanya wa pekee.

Tulikaa na mama mbele ya kompyuta, tukafungua ukurasa wa wilaya yao. Yeye alisoma Kirusi na kunitafsiria kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya madeni ya shemeji. Misitu. Kinamasi. Misitu tena. Wilaya ina utajiri wa mbao na udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa kama kuni. Ukubwa wake unaimeza Dubai yote ikabaki na njaa, na watu wake wote ungeweza kuwakusanya kwenye maegesho ya duka kubwa tulilokwenda kila Ijumaa na wasingesukumana. Mwishoni kulikuwa na orodha ya vijiji na idadi ya watu. Mbele ya majina mengi palikuwa na sifuri.

"Mbona wanaandika kijiji kisicho na mtu?" niliuliza.

"Hakuna aliyebaki wa kuwaambia wakifute," mama alijibu.

Kijiji chao kiliandikwa watu kumi na wawili. Mama alicheka. "Wamewazidishia hao." Akakunja vidole mmoja mmoja, akataja majina, nami nikaandika kwa penseli, namba pembeni, na umri wa kila mmoja. Walikuwa tisa. Wa nne alikuwa mzee Mitya, mfuga nyuki. Wa sita alikuwa Zoya, jirani na rafiki wa mama tangu utoto, ambaye ndiye mwenye simu ya mkononi inayoshika mtandao akipanda kilimani. Wa tisa alikuwa mama yake mama, bibi yangu wa pili, ambaye nilimjua kwa sauti tu, sauti kavu iliyoniuliza kila sikukuu kama ninavaa soksi.

Halafu nikachora mto. Kijiji kiko ng'ambo, na daraja hakuna. Kipindi cha baridi mto unaganda, wanapita juu ya barafu kwa miguu na hata kwa gari. Kiangazi wanavuka kwa mtumbwi. Katikati, mwezi wa nne, barafu inapopasuka na kuanza kusafiri, kwa wiki mbili tatu hapana anayevuka, kwenda wala kurudi. Niliona jambo hilo la kijinga kupita kiasi. Mtu na akili zake anakaaje mahali ambapo mto unamfungia mlango?

Bibi akaja na chai yake, akainamia daftari. Kusoma herufi hizi za Kizungu alijua kidogo, lakini namba alizijua vizuri.

"Hawa ni watu au mbuzi?"

"Watu, Bibi. Wa kijijini kwao mama."

"Na umewaorodhesha hivi? Mmoja, wawili, kwa majina yao, na karibu wote wazee?" Aliweka kikombe chini. "Watu hawahesabiwi hivyo, mwanangu. Ukiwahesabu umewaonyesha."

"Nimewaonyesha kwa nani?"

"Kwa mwenye kuchukua."

Hilo halikuwa jipya kwangu. Daktari alipomuuliza Bibi ana watoto wangapi, alijibu, "Mungu kanipa, alhamdulillahi," na daktari alipouliza tena apate namba, Bibi alimkazia macho kana kwamba ameulizwa rangi ya nguo zake za ndani. Mama hakuwa na subira na mambo hayo.

"Mama, kule kwetu serikali inahesabu watu kila baada ya miaka," alisema huku akicheka.

"Ndiyo maana wamekwisha," Bibi akajibu, akachukua chai yake akaondoka.

Nilimcheka, lakini si sana. Kesho yake nilimpitishia habari hiyo askari wa jengo letu, Mkenya tuliyemwita Uncle Kamau, aliyekaa mezani pale chini na kujua kila mtu anapika nini.

"Watu tisa?" alisema. "Hiyo si kijiji, hiyo ni committee ya harusi! Na umewaandika majina? Weh! Shosho, bibi yangu, angekuchapa. Kwetu hata mbuzi hauhesabu hivyo, unaangalia tu unasema ziko sawa."

Kwa hiyo nilikuwa nimeonywa mara mbili, na watu wasiofanana kwa asili wala dini. Asiyesikia la mkuu, mnajua mwisho wake.

Darasani nilikuwa nyota. Wenzangu walisimulia wilaya za Kerala na Misri zenye watu wasiohesabika, mimi nikasimama na kinamasi changu. Madam akauliza, "Elfu tisa?" Nikasema, "Tisa, madam." Darasa likaangua kicheko, na kile kicheko kilininogea. Nikaongeza chumvi. Nikaigiza mzee Mitya akizungumza na nyuki kwa kukosa mtu. Nikaigiza bibi yangu mwenyewe akiuliza habari za soksi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipata alama za juu kuliko wote, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mwezi wa kwanza mzee Mitya akafa. Mama aliitoa habari hiyo huku akikaanga mayai, kama mtu anayetaja kwamba mkate umekwisha. Mwezi wa pili akafuata mwanamke wa namba saba. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikalitazama daftari. Nne na saba. Nilichukua kifutio nikayafuta majina yote tisa mpaka karatasi ikatoboka, lakini nilijua kwamba kufuta si sawa na kutokuandika.

Mtakaocheka, chekeni. Mimi mwenyewe ningecheka. Wazee wa miaka themanini, kwenye baridi ile, bila daktari, wanakufa; hilo halihitaji penseli ya mtoto. Ila kwa wiki nyingi kila simu ya nyumbani ilipolia niliacha nilichokuwa nafanya.

Ikalia kweli, alasiri moja mwanzoni mwa mwezi wa nne. Nilikuwa nimetoka shule, mama yuko kazini, Bibi anakunja nguo. Alikuwa Zoya, anapiga kelele kwa sababu ya upepo. Kirusi changu kilikuwa cha jikoni, lakini alisema maneno mepesi, na pole pole, kama mtu anayejua anazungumza na mtoto. Bibi yako ameanguka. Hali chakula, hainuki kitandani. Anamwita mama yako. Mwambie aje leo, asingoje kesho. Barafu bado inashika, pengine siku tano. Ikipasuka hatafika.

"Umenielewa?" aliuliza.

"Nimeelewa."

Niliweka simu chini nikalia mpaka Bibi akaacha nguo. Nikamweleza yote: simu, barafu, siku tano, kisha daftari, na kifutio, na jinsi nilivyomwigiza mgonjwa mbele ya darasa. Nilitaka anipige. Angenipiga kisha akamwita mama, dunia ingekaa sawa.

Hakunipiga. Alikaa kitandani, akanishika mikono yote miwili, na nikaona kwamba na yeye anaogopa. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mlango uliufungua wewe kwa kutojua," alisema. "Tutaufunga. Tutasoma siku tatu, mimi na wewe. Mama'ko asiambiwe kwanza."

"Lakini barafu, Bibi..."

"Mtu haliliwi angali hai. Mama'ko akisikia atalia, na kilio kikimtangulia mgonjwa kitamwita. Siku tatu tu. Tukishamaliza atapona, mama'ko atakwenda kumtazama mzima. Inshallah."

Nikakubali. Na niseme ukweli, nilikubali kwa furaha, maana nilipata siku tatu za kutokumwangalia mama usoni na kumwambia nimefanya nini. Kila alasiri Bibi alichoma ubani, akaweka bakuli la maji mbele yetu, akasoma Yasini kwa sauti ya chini, nami nikamfuatisha. Alimwombea mwanamke asiyewahi kumwona, mwenye jina lililomshinda kutamka. Alimwita "yule mwenzangu". Siku ya pili alifunga. Mama alirudi jioni, akanusa ubani, akauliza kuna nini, Bibi akasema ni hewa ya nyumba tu. Mama akavua viatu, akakaa mbele ya televisheni, hakuuliza tena.

Siku ya nne tukamwambia. Namaanisha Bibi alimwambia, mimi nikiwa nyuma ya mgongo wake. Mama aligeuka rangi, na yeye hakuwa na rangi nyingi ya kugeuka. Alisema neno moja tu la Kiarabu, "Khalas," yaani basi, akaanza kutupa nguo kwenye begi. Baba akatafuta tiketi. Mama alipita mlangoni bila kutuangalia.

Alifika mtoni siku ya saba tangu simu ile. Zoya, ambaye alikuwa ng'ambo, alimpigia simu mama akiwa bado ndani ya lori, akamwambia barafu imeondoka asubuhi. Mama akashuka hata hivyo. Kijiji alichokulia kilikuwa mbele yake, upande wa pili, karibu kiasi cha kuona moshi wa nani unatoka na wa nani hautoki. Mapande ya barafu yalikuwa yanapita katikati, makubwa kama paa za nyumba, yanagongana. Alikaa siku mbili kwenye kibanda cha wakata magogo. Siku ya pili aliwaona watu wanatoka nyumbani kwao na jeneza juu ya kigari cha kuvutia kuni, wanapanda kilima cha makaburi. Walikuwa wachache na wazee, wakasimama kupumzika mara nyingi. Mama aliangalia mazishi ya mama yake kutoka ng'ambo ya mto, kama mtu anayeangalia sinema isiyo na sauti.

Alirudi Dubai amekonda. Kuanzia siku hiyo yeye na Bibi walikuwa watu wa salamu tu. Ukoo mzima ulijua sababu. Shangazi zangu walisema mzee amezeeka vibaya, ni mshirikina, amemnyima mtu buriani ya mzazi wake kwa ubani na bakuli la maji. Bibi hakujitetea. Alipunguza kula, alipunguza kutoka, na mambo yake ya kale hakuyataja tena mbele yetu.

Nami nilimdharau, tena waziwazi. Nilikuwa nimebeba hatia, nikapata pa kuitua. Chuoni nilikuwa na mkasa mzuri wa kuchekesha marafiki: bibi yangu wa Unguja aliyejaribu kuzuia mto wa Urusi kwa Yasini. Waliucheka kama darasa lile lilivyocheka tisa. Nilipokuja likizo aliniita nikae karibu naye, nami nilikaa huku nikitazama simu. Alifariki nikiwa na mtihani. Nilifika kwenye hitima.

Mwaka jana mama alistaafu kliniki. Siku moja tulikuwa kwake tunamenya viazi, mazungumzo ya kawaida, nikamwambia kwamba zile siku tatu bado zinaniuma. Nikamwomba radhi, jambo ambalo kwa miaka ishirini sikuwa nimelifanya kwa maneno.

Aliendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Zoya alinipigia mimi kwanza."

"Lini?" niliuliza.

"Asubuhi ile, kazini. Aliniambia yote. Nikamjibu nakuja. Ananijua tangu tukiwa watoto, hakuniamini, ndiyo akapiga nyumbani apate wa kunisukuma." Aliosha kiazi, akakiweka kwenye sufuria. "Nilirudi jioni nikaona macho yako, nikanusa ubani. Nikajua mnajua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningevuka, barafu ingepasuka nyuma yangu, ningefungiwa mle. Wiki tatu, labda zaidi, na yeye labda angepona, na mimi ni mtoto wake wa pekee. Nani angenitoa? Ile nyumba, lile tope, ile harufu. Nilijiambia nitangoja mseme ninyi. Kila siku mliyonyamaza nilishukuru."

Nilichokumbuka ni jinsi nilivyomwona siku zile tatu, ameinua miguu mbele ya televisheni, nami nikimhurumia kwa kutojua kwake.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima sasa. Sijaanza kuamini kwamba watu wanakufa kwa kuhesabiwa, na sitaanza. Wale watatu waliuawa na uzee, baridi na sisi tuliotoka, na wa kwanza kuwaandika wote tisa kwa majina baada ya miaka mingi alikuwa mtoto aliyetaka alama na kicheko. Bibi alikosea. Lakini Bibi aliamini, na kwa imani ile alimfungia swaumu mgeni ng'ambo ya dunia. Mama hakuamini hata chembe, akajificha nyuma ya imani ya mwenziwe. Mimi nusu niliamini, na nusu ile niliitumia pale iliponifaa. Dharau yangu ya miaka yote nilimpa mtu mmoja, yule ambaye hakuistahili.

Kwa maana sikuwaambia alichofanya Bibi jioni ile mama aliporudi kutoka Urusi. Hata begi halijafunguliwa. Bibi, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua hata kwenye swala, alishuka chini sakafuni, akamshika mama miguu yote miwili na viatu vyake vya tope. "Niwie radhi, mwanangu," alisema. "Nimekunyima mama'ko. Nilidhani namwokoa." Alilia mpaka kanga yake ikamteleza kichwani. Mama alisimama akimwangalia kutoka juu, mimi nimesimama mlangoni nasubiri atasema nini.

"Nimekusamehe," mama alisema.